Kutoa Si Moyo

Kila mwaka ikikaribia tarehe 25 Novemba, fulana za rangi ya chungwa hutoka kabatini. Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zimewadia, na mpaka tarehe 10 Desemba kutakuwa na maandamano, vipaza sauti, makongamano ya chai na sambusa, na foleni ya watu wanaojiandikisha kujitolea katika asasi zinazosaidia wanawake waliopigwa, waliofukuzwa, waliochomwa moto. Waulize kilichowaleta, wengi watajibu mkono ukiwa kifuani: nina moyo wa kusaidia. Januari ikifika na ada zake za shule, ofisi zilezile hubaki na watu wale watatu wanne waliokuwepo Oktoba.

Kuondoka kwao kuna afadhali. Kibaya zaidi ni imani waliyokuja nayo, ambayo asasi zenyewe huipalilia: kwamba kazi hii inataka moyo, na mwenye moyo hayo mengine atayajulia mbele ya safari. Wahenga wanasingiziwa. Waliposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walikuwa wakimtoa hofu mtu anayedhani hana cha kugawa. Hawakusema kwamba mwenye huruma aweza kushona kidonda bila kufundishwa. Hakuna hospitali inayomkabidhi mtu bomba la sindano kwa sababu hulia akiona damu, lakini mwanamke aliyekabwa koo na mumewe usiku wa kuamkia leo hukabidhiwa kwa mtu ambaye sifa yake pekee ni machozi.

Chukulia mwanamke amefika mlangoni alfajiri, khanga imelowa, amepigwa na kubakwa na mwanamume ambaye wamekwisha achana. Mwenye moyo atafanya nini? Atamkumbatia, atampashia maji, atampa sabuni na gauni safi, na zile nguo alizokuja nazo atazifua, au atazitumbukiza kwenye mfuko wa plastiki (rambo zilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, lakini kila nyumba ina akiba yake uvunguni). Nusu saa ya wema, na ushahidi umekwenda na maji ya bafuni. Aliyefundishwa anajua mambo yasiyo na mvuto wowote wa kupigwa picha: asioge kwanza, nguo ziingie kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na unyevu huharibu vielelezo, fomu ya PF3 itoke polisi na ijazwe na daktari, dawa za kujikinga na VVU zianze kabla ya saa 72 kupita. Na saa hizo huhesabiwa tangu alipotendewa, hata kama siku mbili za mwanzo alizimaliza amejifungia chumbani kwa dada yake akijiuliza aseme au anyamaze.

Na yule aliyekabwa koo? Huenda shingoni hana hata mkwaruzo. Mwenye moyo humtazama usoni, haoni damu, humimina chai na kusema pole, angalau hukuumia. Watafiti wa Marekani walikwisha onyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake yumo katika hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara saba kuliko yule ambaye hajakabwa. Kwa hiyo yako maswali ya kuulizwa, tena kwa sauti ya kawaida tu: alikushika shingo? Sauti yako ilibadilika? Ulipoteza fahamu, ulijikojolea? Maswali hayo hayatoki moyoni. Hutoka darasani.

Halafu kuna lile agizo linalopendwa kuliko yote: ondoka leo hii. Anayelitoa hujiona mwanaharakati wa kweli. Mwaka 2003 mtafiti Jacquelyn Campbell na wenzake walichapisha uchunguzi wao katika miji 11 ya Marekani, na mojawapo ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba kutengana na mwanamume mkatili, hasa anayetaka kummiliki mwenzake, huongeza hatari ya mwanamke kuuawa. Afrika Mashariki haina haja ya kusoma majarida ya ng'ambo kulijua hilo. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris Agosti 2024. Septemba mosi, nyumbani kwake Trans Nzoia nchini Kenya, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Alifariki Eldoret tarehe 5. Walikuwa wamekwisha achana. Baba yake alieleza kwamba familia ilikwisha peleka malalamiko polisi. Miaka mitatu kabla yake, huko Iten, Kenya, mkimbiaji Agnes Tirop aliuawa nyumbani akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake, dakika 30 na sekunde 1. Wanariadha wenzake walianzisha taasisi ya Tirop's Angels kupambana na ukatili kama huo.

Nani atasema wanawake hao walikosa watu wenye moyo? Walikuwa na wazazi, ndugu, na mashabiki wa nchi nzima. Kumwambia mwanamke aondoke bila kujua anakokwenda, saa ngapi, na nani atambebea mtoto mgongoni, ni kumsukuma barabarani ukafunga mlango. Mtu aliyefunzwa haagizi. Huuliza cheti cha ndoa kiko wapi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kadi ya benki. Jirani gani anaweza kuutunza mkoba. Mume hurudi saa ngapi siku ya mshahara. Na mwanamke akisema hataondoka mwezi huu, msaidizi huyo hanuni.

Upande wa pili wapo wapatanishi. Hawa ni wengi zaidi, na mara nyingi ni watu wa heshima: shangazi, mchungaji, shehe, mjumbe wa mtaa, mama aliyestaafu ualimu. Kwao ukatili ni ugomvi, na ugomvi dawa yake ni kukaa kitako. Wakiulizwa kwa nini hawachukui upande, wanakimbilia methali: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mke na mume hukalishwa kwenye kochi moja. Mume huzungumza kwa upole. Mke huulizwa, naye kabla ya kufungua kinywa humtupia mumewe jicho. Husema yamekwisha. Wote wanashukuru, soda zinanywewa, na wawili hao wanapanda bodaboda moja kurudi kwenye nyumba ileile.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Zaidi ya nusu karne! Ni kweli sheria hiyohiyo inataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na hapo ndipo wengi hupata kisingizio. Usuluhishi wa watu waliochokana ni kitu kimoja. Kumsuluhisha mtu na anayemtisha ni kitu kingine, na asasi yoyote inayojiita ya manusura haina budi kumfundisha hilo kila anayejitolea kabla hajapewa hata ufunguo wa choo.

Sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kujizuia. Kutopiga simu, kwa mfano. Wanawake wengi huhifadhi namba ya msaidizi wao kwa jina la mtu mwingine, tuseme Fundi Cherehani. Mwenye moyo, akikosa usingizi kwa wasiwasi, atapiga saa tatu usiku kuuliza, "Dada, uko salama?" Simu imeshikwa na mume. Aliyefunzwa hapigi nje ya saa walizokubaliana, na siku akilazimika kupiga na kusikia sauti nzito upande wa pili, hapotezi hata sekunde moja: "Samahani shemeji, lile gauni la dada liko tayari, mwambie aje alijaribu." Sentensi hiyo lazima iwe imefanyiwa mazoezi, kwa sauti, mbele ya wenzake wanaocheka, mpaka itoke bila kutetemeka.

Na picha? Bado kuna watu wanaowapiga picha manusura wakiwa na mfuko wa mchele, jicho likiwa limevimba, kisha wakaiweka mtandaoni na maneno ya Mungu ni mwema. Ukuta wa nyuma unaonekana, bango la duka linaonekana, na anwani ya nyumba salama imekwisha tangazwa.

Wengine watauliza: masharti yakiwa mengi hivyo, nani atabaki kujitolea? Utafiti wa idadi ya watu na afya wa Tanzania wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafike umri wa miaka 15. Haiwezekani kazi hiyo wakaachiwa maofisa ustawi wa jamii na madawati ya jinsia ya polisi peke yao. Swali ni la haki, ila limejibiwa zamani, tena kwa jina la Kiswahili. Mjini Kampala, shirika la Raising Voices lilibuni mpango ulioitwa SASA! na kuutekeleza pamoja na wenzao wa CEDOVIP. Uti wa mgongo wa mpango huo ni wakazi wa mitaani, wanawake kwa wanaume, watu wasio na shahada yoyote ya mambo haya. Hawakuachiwa moyo wao. Walifunzwa, wakarudiwa, wakafuatwa kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika maeneo yao, ukatili wa kimwili wa wenza kwa mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko maeneo ya kulinganishia. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, iliwatambua wasaidizi wa kisheria wa mitaani na vijijini na kuwawekea sharti la mafunzo na usajili. Hakuna aliyelalamika kwamba sheria inaua moyo wa kusaidia.

Bei ipo, na hapo ndipo asasi nyingi huanza kuangalia dari. Kujitolea si kujigharamia. Mama wa Mbagala anayeombwa kila wiki atoe nauli yake, vocha yake na chakula chake cha mchana ili amsindikize mwanamke mwingine mahakamani, hatakuja mara ya tano, na hana kosa. Pia huwezi kumsikilizisha mtu habari za kuchomwa na pasi kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha ukamwacha arudi nyumbani kwake bila mtu wa kuongea naye. Fedha za fulana za chungwa zingetosha kulipia mengi ya hayo.

Swali la kuwauliza wanaojiandikisha Novemba si kama wana moyo. Ni hili: Jumatano, saa mbili asubuhi, kwa miezi sita ijayo, utakuwa wapi? Maana Jumatano hiyo kuna benchi nje ya mahakama ya wilaya, na juu yake ameketi mwanamke mwenye mtoto mgongoni na nakala ya PF3 ndani ya bahasha ya khaki. Wa kumsindikiza amekaa kando yake, hasemi sana, ameshika chupa ya uji ya mtoto. Saa tano karani anatoka: hakimu ana dharura, kesi imeahirishwa, ni mara ya tatu. Yule wa kando anafungua daftari, anaandika tarehe mpya, anamwonyesha mwenzake, kisha anauliza kama siku hiyo kuna mtu wa kubaki na mtoto.