Kupiga Magoti au Kusimama



Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo liingialo katika nyumba za Wakristo kama mchwa aingiavyo katika nguzo, kwa kimya. Nalo ni mabishano juu ya desturi za ibada. Mmoja asema kuomba ni kwa magoti, mwenziwe asema ni kwa kusimama. Huyu ataka ngoma na makofi, yule aona ngoma hazifai kanisani. Mume amelelewa huku, mke kule. Na jioni, saa ya maombi, hubishana namna ya kuomba hata watoto wakalala pasipo kuombewa.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Mwezi wa Juni, 1913, wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, katika nchi iitwayo leo Kenya, wakashauriana jinsi ya kufanya kazi pamoja. Mkutano ulipokwisha, Askofu Peel wa Mombasa, wa Kanisa la Kiingereza, aliongoza Meza ya Bwana katika kanisa la Waskochi, na watu wasio wa kanisa lake wakashiriki. Habari zikafika Unguja kwa Askofu Frank Weston. Yeye aliona utaratibu wa Kanisa umevunjwa, akawashitaki Askofu Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba ni wazushi. Ubishi ukavuka bahari ukafika Uingereza. Mwaka 1915 Askofu Mkuu alitoa jibu: hakuwahukumu kuwa wazushi, wala hakukubali ibada ile iwe desturi.

Msidhani watu hao walikuwa wapenda ugomvi tu. Weston aliamini kwa moyo wote kwamba Kanisa pasipo maaskofu limepungukiwa. Wenzake waliona ya kuwa Meza ni ya Bwana mwenyewe. Kila upande ulikuwa na dhamiri yake.

Lakini majibu hayo yalipotoka, vita vikuu vilikuwa vimekwisha kuingia Afrika ya Mashariki. Maelfu na maelfu ya watu walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi wakafa kwa magonjwa na kwa njaa. Mwaka 1916 Askofu Weston alitoka na wapagazi wa Unguja, akawaongoza njiani. Mwaka 1917 Daktari John Arthur, wa misheni ya Waskochi pale Kikuyu, naye akatoka na wapagazi wa misheni. Wanaume wa pande mbili zilizoshindana wakawa katika kazi moja. Mzigo ulio kichwani haumwulizi mtu amebatizwa na nani, wala homa haiulizi.

Mwezi wa Julai, 1918, mkutano wa pili ukafanyika Kikuyu, na Weston mwenyewe akaja. Habari ya maaskofu haikumalizika. Hata hivyo misheni nne za nchi hiyo zilifanya mapatano ya ushirika, na mwaka 1926 ikafunguliwa hapo Kikuyu shule ya Alliance, ambayo ingaliko hata leo. Hawakungoja kupatana katika yote ndipo wawafundishe vijana.

Mtume Paulo naye aliyakuta mambo ya namna hii kule Rumi; someni sura ya 14 ya waraka wake. Wengine walikula nyama, wengine mboga tu. Wengine waliadhimisha siku fulani, wengine sivyo. Hakuwalazimisha wote kula chakula kimoja. Alichokataza ni dharau kwa upande mmoja na hukumu kwa upande wa pili.

Basi, wazazi na waalimu, kuacha ubishi si kuacha imani. Shikeni sana habari ya Kristo aliyekufa na kufufuka, wala msiifiche. Lakini magoti, na ngoma, na kitabu cha sala, kila mtu ayatumie kwa Bwana, na asimpime mwenziwe kwa kipimo hicho. Mume na mke wa desturi mbili waombe jioni hii kwa namna ya mmoja, na kesho kwa namna ya mwingine. Nawe mwalimu, mtoto akikuuliza kwa nini wale wa ng'ambo ya mto huomba kwa sauti kuu, mweleze kwa upole maana yake kwao, wala usiwaigize ili darasa licheke. Maana mtoto aliyefundishwa kuyacheka maombi ya jirani, akiisha kukua huyacheka na ya baba yake. Na nyumba ile itakuwa imeshinda katika mabishano, lakini hakuna aombaye tena ndani yake.

Neema ya Bwana ikae nanyi nyote.