Nani Atakalia Kiti cha Daktari Mkuu wa Watoto?



Katika ukurasa huu wa nyumbani tumezoea kuzungumza juu ya uji wa lishe, vyandarua, maji yaliyochemshwa na kadi za chanjo. Juma hili twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya kiti. Si kiti cha sebuleni, bali ni kiti cha mkuu wa idara ya magonjwa ya watoto katika hospitali ya chuo kikuu. Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya maprofesa na ya wizara, wala hayamhusu mke wa askari akaaye Kambi Muha, wala polisi aliyetoka zamu ya usiku. Sisi twasema yanamhusu sana, na tutaeleza sababu.

Hapa Bujumbura mtoto akizidiwa, wazazi humkimbiza Prince Régent Charles, au hospitali ya kijeshi ya Kamenge, au hospitali ya chuo kikuu iliyoko Kamenge hiyo hiyo, ile yenye jina la Mfalme Khaled wa Saudia. Katika hospitali ya chuo kikuu mgonjwa hutibiwa, na papo hapo kijana asomeaye udaktari hufundishwa. Kijana huyo hatabaki Bujumbura siku zote. Kesho atapelekwa Ngozi, Ruyigi, Makamba au Cibitoke, na huko atamtibu mtoto kama alivyoona watoto wakitibiwa. Akizoezwa kumhesabia mtoto pumzi na kumsikiliza mama yake, atafanya hivyo. Akizoezwa kuandika dawa bila kuinua macho, atafanya hivyo pia. Basi mkuu wa idara hatibu vitanda vilivyo mbele yake tu. Kwa mikono ya wengine, hutibu hata watoto ambao hatawaona kamwe.

Tutazame hesabu kidogo. Uchunguzi wa afya ya wananchi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Burundi, 96 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 78. Hayo ni maendeleo, na hatuna budi kuyashukuru. Kati ya mambo yaliyosaidia ni uamuzi wa Serikali wa tarehe 1 Mei 2006, kwamba watoto walio chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua watibiwe bila malipo. Lakini kamanda akipoteza watu 78 katika kila 1,000, wala hakuna vita, je, atapata usingizi? Uchunguzi huo wa pili ulionyesha pia kwamba watoto 56 katika kila 100 walikuwa wamedumaa kwa lishe duni. Milango ya hospitali ilifunguliwa mwaka 2006, na wazazi wakaingia kwa wingi. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba ndani ya milango hiyo yuko mtu anayejua kupanga kazi.

Kwa maana kazi ya mkuu huyu ni nne kwa pamoja: kutibu, kufundisha, kuchunguza magonjwa na kuongoza watu. Watu wengi hudhani kwamba bingwa wa kutibu ndiye atakayekuwa bingwa wa kuongoza. Askari wanajua kwamba sivyo. Mlenga shabaha hodari kuliko wote katika kikosi si lazima awe kamanda mwema. Kamanda ni yule anayejua nani yuko wapi, nani amechoka, risasi zimebaki ngapi, na nani atashika nafasi yake iwapo yeye ataanguka.

Tutoe mfano wa kweli. Huko Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, watoto wengi walikuwa wakifa katika saa za kwanza baada ya kufikishwa. Daktari Elizabeth Molyneux, aliyeongoza idara ya watoto ya chuo cha udaktari cha hapo, pamoja na wenzake, hawakungoja majengo ya fahari. Mwaka 2001 walipanga upya njia ya mtoto, tangu anapofika mlangoni hadi anapolazwa. Watumishi walifundishwa kumtambua mtoto mahututi mara tu anapoingia na kumtoa katika foleni. Huduma ya dharura na kliniki ya watoto zikafanya kazi kwa kushirikiana. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 waliolazwa, kati ya 10 na 18 walikuwa wakifariki. Baadaye idadi hiyo ilishuka hadi kati ya 6 na 8. Ugonjwa ulikuwa ule ule na umaskini ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mpango, na mpango ni kazi ya kiongozi.

Wasomaji wetu wa jeshini watafurahi kujua kwamba hekima hiyo ilizaliwa vitani. Dominique Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, ndiye aliyeshikilia kwamba majeruhi aliye katika hatari zaidi atibiwe kwanza, bila kutazama cheo chake. Jambo hilo ni la haki katika uwanja wa vita, na ni la haki zaidi katika baraza la hospitali, ambako mtoto wa kanali na mtoto wa kuruta huumwa malaria ile ile. Mkuu wa idara asiyeweza kumwambia mwenye cheo, kwa adabu lakini bila kutetereka, "Mzee, tafadhali subiri, huyu amezidiwa," hafai kukalia kiti hicho.

Sasa, kiongozi wa namna hiyo hupatikana wapi? Historia ya Afrika Mashariki yatufundisha. Mwaka 1959 Derrick Jelliffe, Mwingereza, alifika Makerere, Kampala, kushika uprofesa wa magonjwa ya watoto uliogharimiwa na UNICEF. Alikuwa mgeni, lakini hakufanya kazi kama mgeni. Alitazama chakula cha Waganda, akataka utapiamlo utibiwe kwa vyakula vya shambani kwao. Katika miaka hiyo ya 1960 hospitali ya Mulago ilipata kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, ambako mama hafundishwi kwa maneno matupu, bali hupika mwenyewe chakula cha kumponya mwanawe. Naye Jelliffe alipoondoka mwaka 1966, idara haikufa. Walikuwapo Waafrika walioandaliwa, kama vile Latimer Musoke, Mganda aliyepata kuiongoza. Nimrod Bwibo, Mkenya aliyesomea udaktari Makerere, naye alikuja kuwa profesa na mkuu wa idara ya watoto katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mbegu moja ilichipua katika mashamba mawili.

Tanzania nayo inamtaja Esther Mwaikambo kuwa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kuhitimu udaktari, mwaka 1969 huko Moscow. Alibobea katika magonjwa ya watoto, akafundisha vizazi vya madaktari, na mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Madaktari Wanawake. Twamtaja kwa makusudi. Binti wa askari anayesoma sayansi jioni kwa mwanga wa taa ajue kwamba kiti tunachokizungumza hakikuandikwa jina la mwanamume.

Jirani zetu Rwanda walianza mpango mwingine mwaka 2012. Walialika walimu wa udaktari kutoka vyuo vikuu vya Marekani, na kila mgeni alitarajiwa kufanya kazi bega kwa bega na mwenzake Mnyarwanda, hata siku mgeni atakapofunga mizigo kazi ibaki mikononi mwa mwenyeji. Kumwalika mgeni si aibu. Aibu ni kumwalika, kumpa nyumba na gari, kisha akaondoka na elimu yake yote kichwani mwake.

Kutokana na mifano hiyo, twatoa maoni yetu juu ya namna ya kumtafuta mkuu wa idara.

Kwanza, utafutaji uanze kabla kiti hakijawa wazi. Daktari husoma miaka sita au saba, na anayetaka kuwa bingwa wa watoto huongeza miaka mingine mitatu, minne au zaidi. Kisha kuna ngazi za ualimu wa chuo kikuu, ambazo hazipandwi kwa siku moja. Maana yake ni kwamba mtu tunayemhitaji leo ilipasa aanze kuandaliwa miaka kumi na zaidi iliyopita. Hospitali inayoanza kuulizana siku ya sherehe ya kumuaga mzee imekwisha chelewa, nayo huishia kuweka kaimu, na kaimu huyo huwa kaimu wa miaka. Kaimu hathubutu kubadili jambo, kwa kuwa hajui kama kesho atakuwapo.

Pili, tangazo lipelekwe mbali. Litazame ndani ya idara yenyewe, litazame nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, tena litazame Warundi waliotawanyika ng'ambo kwa sababu ya miaka ya misukosuko iliyofuata 1993. Wengi wao ni madaktari wazima, na baadhi yao hawajasahau kwao.

Tatu, mwombaji asiulizwe vyeti peke yake. Aulizwe hivi: Je, ni madaktari wangapi uliowalea wewe, nao wako wapi sasa? Umepata kubadili jambo gani katika wodi, na lilidumu baada yako? Mtoto akifariki usiku, asubuhi hufanya nini: hutafuta wa kumlaumu, au huwakusanya watu ili wajue palipokosekana? Tena apelekwe wodini asubuhi moja, na wauguzi waulizwe maoni yao. Muuguzi aliyekesha na watoto miaka ishirini humtambua kiongozi kwa namna anavyosalimu.

Nne, ahadi ziandikwe. Daktari mwema hukubali kazi akajikuta hana oksijeni ya kutosha, hana msaidizi, hana saa za kufundisha, na mshahara wake haumtoshi mpaka akimbilie kliniki za watu binafsi jioni. Halafu twamlaumu kwamba haonekani wodini. Tusemezane ukweli: anayetaka mchungaji ashinde na kundi sharti amlishe mchungaji. Mkataba useme wazi saa ngapi ni za wagonjwa, saa ngapi za wanafunzi, saa ngapi za kazi ya ofisi, na vifaa gani vitapatikana mwaka wa kwanza.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mkuu apewe muda maalumu, na tangu siku ya kwanza atakiwe kuandaa wawili au watatu wanaoweza kumrithi. Asiyetaka kuandaa mrithi anataka kiti, hataki kazi.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye mabingwa wachache wa watoto haiwezi kuchagua. Itachukua yeyote aliyepo. Sisi twaona kinyume chake. Mwenye ng'ombe mia aweza kukosea akamchinja fahali mwema, asihisi hasara. Mwenye ng'ombe mmoja hana ruhusa ya kukosea. Kwa kuwa mabingwa wetu ni wachache, ndiyo sababu yafaa kila mmoja awekwe mahali ambapo elimu yake itazaa wengine, badala ya kumzika chini ya karatasi za ofisi.

Na wewe msomaji, una lako la kufanya. Baba aliyepelekwa kazini mbali na nyumbani, kama vile maelfu ya wanajeshi wetu waliowahi kutumwa Somalia kuanzia mwisho wa 2007, humwacha mama peke yake na homa za watoto. Mama huyo ndiye mkaguzi wa kweli wa hospitali. Ukifika na mtoto mgonjwa, tazama: je, kuna mtu anayepita katika foleni kutafuta aliyezidiwa? Ukiona mwanao hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea hazinduki, au mbavu zinazama akivuta pumzi, usinyamaze kwa heshima ya foleni. Sema kwa sauti kwamba huyu ni mahututi. Kama hospitali ina sanduku la maoni, andika. Ukihudumiwa vyema, andika pia, kwa maana viongozi wema hufa moyo wasipojua kwamba wameonekana. Na ikiwa nyumbani mwako mna kijana mwenye akili ya sayansi na huruma kwa wadogo zake, usimkatishe tamaa kwa kumwambia kwamba udaktari ni masomo marefu. Ni marefu kweli, ndiyo maana yaanze sasa.

Wazee walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Daktari naye ni hivyo hivyo. Alelewavyo wodini ndivyo atakavyowatibu wana wetu. Basi wanaohusika na kujaza kiti hicho wakumbuke kwamba wanamchagua mlezi wa madaktari wa miaka thelathini ijayo, na wafanye kazi hiyo kwa uangalifu kama ule ambao mzazi huutumia kumchagua mtu wa kumwachia mwanawe.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.