Tuzibe Ufa Kabla ya Moto

Nina donge rohoni nami leo nalitoa.

Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu tunayaona malori ya matangi usiku na mchana. Likipita moja likidondosha, utamsikia jamaa akisema, "Ah, hayo ni maji tu!" Je, amejuaje?

Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilianguka. Watu wakaja mbio na mitungi, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki. Desemba 2016, lori lililobeba kemikali inayoshika moto liligonga magari pale Karai, Naivasha. Watu zaidi ya 30 wakaangamia.

Kila mara lawama huwaendea wenye mitungi. Sawa, walikosea. Lakini mbona hatuulizi juu ya tangi lenyewe? Vifuniko vya tangi vinatakiwa visifunguke hata lori likipinduka.

Maoni yangu ni haya: kila lori linalovuja, hata kama ni tone tu, lichunguzwe kama ajali. Limebeba nini? Linavujia wapi: kwenye koki, mfuniko, mpira au pale palipochomelewa? Lilikaguliwa lini? Yaliyomwagika yameingia mtoni au kisimani? Majibu hayo ndiyo yatakayozuia ajali ya kesho.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya polisi na NEMA. Kweli, lakini hawawezi kuwa kila mahali. Macho ni sisi. Malori mengi ya aina hii huwa na kibao cha rangi ya machungwa chenye nambari. 1203 ni petroli. 1830 ni asidi ya salfuriki. Soma ukiwa mbali, upande upepo unakotoka, kisha upige ripoti. Usikaribie! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa mtaroni kimyakimya hadi ufike kwenye jiko la mama anayechoma mahindi.

Nao wenye malori wasitwambie kwamba ukaguzi unawachelewesha. Mzigo ukichelewa siku moja utafika. Aliyekufa harudi.

Wenzangu, wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatujengi ukuta, tunachimba makaburi. Hebu tuanze kuziba ufa!