Mhudumu wa afya ya jamii hapimwi peke yake

Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Ni uamuzi mkubwa, nami nauunga mkono. Kinachonitia wasiwasi ni namna tutakavyoupima. Tumezoea taarifa zinazotaja waliohitimu mafunzo, vifaa vilivyogawiwa na kaya zilizotembelewa. Hesabu hizo zinathibitisha kwamba fedha zimetumika, lakini hazisemi kama mtoto aliyeamka na homa alipata dawa kabla ya jua kuzama. Mpango unaweza kudhoofika vijijini huku taarifa zake zikizidi kunona.

Ushahidi tunao hapahapa nchini. Kuanzia 2011, Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake waliendesha mradi wa Connect katika wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga. Watu waliochaguliwa na vijiji vyao walifunzwa kwa miezi tisa, wakalipwa mshahara, wakapangiwa kazi katika vijiji 50 vilivyopatikana kwa kura, na vingine 51 vikawa vya kulinganishia. Waliitwa WAJA, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kutibu malaria, nimonia na kuhara kwa watoto. Ukichukua miaka yote minne ya utafiti kwa pamoja, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano havikupungua kwa kiasi cha kutenganisha makundi hayo mawili. Msomaji mwenye haraka angefunga jalada hapo na kusema wahudumu hawana faida. Lakini matokeo yalipochambuliwa kwa vipindi, ilionekana kwamba katika miaka miwili ya mwanzo watoto waliokwisha kuvuka mwezi wa kwanza walinusurika zaidi palipokuwa na WAJA, kisha nafuu hiyo ikatoweka. Watafiti walitaja uhaba wa dawa miongoni mwa sababu. Mafunzo yalikuwa yaleyale na nyumba ni zilezile, ila mhudumu asiye na dawa mseto wala kipimo cha malaria mkobani hana la kumpa mama zaidi ya kumwelekeza zahanati, ambako huenda dawa hizo pia zimekwisha.

Kwa hiyo tathmini ya haki humpima aliyetumwa pamoja na aliyemtuma. Ni siku ngapi mwezi huu mkoba ulikuwa mtupu? Posho ilichelewa kwa muda gani? Msimamizi kutoka zahanati alifika kweli, au alisaini tu daftari? Uganda inatupa mfano wa kulinganisha. Huko, utafiti uliofanyika katika vijiji 214 kuhusu wahudumu wa mashirika ya BRAC na Living Goods ulikuta vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimepungua kwa asilimia 27 katika miaka mitatu palipokuwa na wahudumu hao. Wahudumu wale walipata faida kwa kila dawa waliyouza, hivyo walikuwa na sababu ya kuhakikisha haziwaishii. Sisemi tuwauzie wanakijiji dawa, kwa kuwa maskini kabisa ndio wangekosa. Ninachosema ni kwamba dawa kuwapo ni sehemu ya mpango wenyewe, na Bohari ya Dawa na halmashauri zinapaswa kuingia katika mizani sawa na mhudumu.

Wapo watakaosema tathmini ya namna hii ni anasa, na fedha zake zingenunua dawa. Hoja hiyo ina uzito katika nchi yenye uhaba, lakini Connect inaonyesha jinsi nafuu inavyoweza kupotea katikati ya safari, na bila ufuatiliaji tungeendelea kulipia kitu kisichoponya. Tathmini hiyo huhitaji pia vijiji vya kulinganishia, kama ilivyokuwa kwa Connect, na wengine wataona ni dhuluma kuvinyima huduma baadhi ya vijiji ili tu vilinganishwe. Wangekuwa sahihi kama tungeweza kufika kote siku moja. Hatuwezi, mpango unatekelezwa kwa awamu, na kwa vyovyote kuna watakaosubiri. Kupanga zamu kwa kura hakumnyimi mtu kitu ambacho angekipata kesho, na pengine ni haki zaidi kuliko zamu inayopangwa kwa ushawishi.

Ugumu wa kweli uko katika takwimu. Fomu za mwezi hujazwa na mhudumu mwenyewe, ambaye anajua anahukumiwa kwazo. Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa wa vituo vya afya, navyo huandika waliofika kituoni. Mtoto aliyefia nyumbani hayumo katika vitabu hivyo, na huyo ndiye aliyekusudiwa na mpango huu tangu mwanzo. Connect iliweza kuwahesabu watoto hao kwa sababu Ifakara na Rufiji zilikuwa na mfumo uliofuatilia vizazi na vifo kaya kwa kaya tangu miaka ya 1990. Mfumo kama huo, hata katika kata chache za kila mkoa, ukiendeshwa na taasisi isiyo chini ya wasimamizi wa mpango, ungetuambia mengi kuliko rundo la taarifa za robo mwaka. Na matokeo yake yasomwe kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na idadi ya siku ambazo mhudumu wao alikaa bila dawa, kabla hayajapelekwa Dodoma.