JINO BILA DAFTARI NI BUBU

Jino ni gumu kuliko mfupa. Nyama huoza, nguo huchakaa, lakini jino hukaa udongoni miaka mingi. Ndiyo maana Wamarekani, katika vita vya Korea vya 1950–1953, walipeleka maiti za askari wao Kokura, Japani, wakalinganisha meno yaliyong'olewa na yaliyozibwa na karatasi zilizoandikwa na daktari wa meno walipokuwa hai. Wengi walirudishiwa majina yao.

Lakini je, wapagazi wetu wa vita vya 1914–1918, wale ambao Kariakoo yatukumbusha, nani aliyaandika meno yao? Hakuna! Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, waliokufa wakiitumikia dola ya Uingereza, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri.

Basi tusingoje meno. Serikali zetu zidai madaftari ya mishahara yaliyobaki, na kila ukoo utaje wake wasiorudi. Majina yao yaandikwe. Walibeba mizigo ya wengine. Sisi tubebe majina yao.