Acheni Kutusafishia Sauti

Nitaanza na kosa langu, ndiyo usidhani nimekuja hapa kuwanyooshea wengine kidole.

Agosti moja, shule zikiwa zimefungwa, niliitwa Birongo kwa shangazi yangu. Kulikuwa na kikundi cha wanafunzi wa sekondari waliotaka kurekodi mchezo wa kuigiza wa kusikilizwa tu. Dakika 18. Hakuna jukwaa, hakuna mavazi, hakuna mtu wa kujipaka majivu usoni ili majaji wajue ni mzee. Sauti basi. Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwa familia, mtoto wa Umoja, yule anayepigiwa simu printa ikikwama. Nikaenda na laptopu, hedifoni, maikrofoni moja ya kuazima na maringo ya kutosha kijiji kizima. Wale wanafunzi wakaniita mwalimu. Nikakubali.

Kama hupajui Birongo, ni Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii, vilima juu ya vilima, chai huku, ndizi kule, na baridi ya asubuhi ambayo mtu wa Nairobi hujifanya haimsumbui. Mchezo wao ulihusu bonasi ya majani chai, ile pesa ya mara moja kwa mwaka ambayo nyumba nyingi huwa zimeshaigawa kwa mdomo kabla haijafika. Katika hadithi, mama ameficha pesa za bonasi alipe karo. Baba amejua. Amerudi usiku, amelewa, anapiga mlango teke. Binti yao yuko jikoni na anapaswa kuita, "Mama!"

Kwenye mazoezi aliita "Mama!" kila mara, vizuri tu, kama mtu anayesoma. Siku ya kurekodi, kijana aliyecheza baba akapiga ule mlango wa mabati kwa nguvu zake zote. Msichana akashtuka kwelikweli, na kilichomtoka hakikuwa kwenye karatasi. Aliita, "Baba!"

Sasa, kwa Ekegusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Yule msichana hakumwita mlevi aliye mlangoni. Alimwita mamake, kwa neno alilomwitia tangu hajaota meno. Chumba kizima kilinyamaza. Hakuna aliyecheka wala aliyesema turudie. Nikaendelea kurekodi, na nakumbuka nywele za mkono zikinisimama.

Halafu nikarudi Nairobi, nikafungua faili, na nikalikata hilo neno.

Ningekuwa sijui maana yake ningejisamehe. Nilijua. Kwetu Umoja nimelisikia maisha yangu yote shangazi akimpigia nyanya simu. Lakini niliwaza: msikilizaji wa Nairobi atachanganyikiwa, atadhani anamwita babake, atasema watoto wa Kisii wamekosea. Nikachukua "Mama!" kutoka rekodi ya mazoezi, nikaibandika pale, nikalainisha pande zote mbili. Kazi ya dakika moja, na hutasikia kiungo. Laptopu ilikuwa imejaa, nikafuta na rekodi za mwanzo zote. Sauti ikawa safi.

Ni hilo neno "safi" nataka tuligombanie.

Ukiingia kwa hii kazi ya sauti, kila mtu anakuhubiria usafi. Ondoa kelele. Ondoa pumzi. Ondoa mwangwi. Programu za bure kama Audacity zina kitufe chake, na ni vizuri ujue kinavyofanya kazi. Unachagua sekunde chache ambazo hakuna mtu anayeongea, unaiambia programu, "hii ndiyo kelele." Inasoma ile sampuli, kisha inapita faili nzima ikipunguza kila kinachofanana nayo. Programu haijui kelele ni nini. Imeambiwa na wewe. Hakimu ni wewe uliyevaa hedifoni, na hukumu yako haikatiwi rufaa, kwa sababu msikilizaji hatajua kamwe ni nini kilichokuwepo.

Mimi niliiambia kwamba kelele ni mvua.

Nyanda za juu za Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka alasiri, upepo wa Ziwa Viktoria unapopanda na kukutana na milima. Saa tisa, saa kumi hivi, mabati yanaanza. Kwanza tone, tone, halafu huwezi kumsikia aliye mbele yako. Tulipoteza alasiri mbili tukingoja iishe. Siku ya tatu nikasema, rekodini tu, nitaitoa Nairobi. Niliitoa. Sauti zao zikabaki kama za watu wanaoongea ndani ya tangi.

Kichekesho ni kwamba mchezo wenyewe ulikuwa na mvua. Baba alirudi usiku wa mvua! Kwa hivyo baada ya kuifuta mvua ya Birongo, niliingia kwenye intaneti nikapakua mvua nyingine, ya bure, iliyorekodiwa vizuri sana. Ilikuwa inanyeshea majani na vioo vya madirisha. Nikaongeza na mlango: mlango mzito wa mbao unaolia kama wa kasri lenye mashetani, kwenye nyumba ambayo mlango wake ni bati na komeo la chuma. Nilipomchezea shangazi, alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akaniuliza, "Wewe mtoto, hii mvua inanyeshea wapi?"

Sikuwa na jibu. Hiyo mvua haikuwa imenyesha popote karibu na sisi.

Utaniambia ni mvua tu, bana. Sawa, tuseme ni mvua. Lakini kilichoniruhusu kuita mvua kelele ndicho kilichofuata kwenye midomo ya wale watoto. Kabla hatujamaliza, tulimchezea mtu mmoja mwenye uzoefu wa michezo ya shule, simtaji. Alisifu hadithi. Kisha akasema, "Ila hiyo lafudhi muiondoe. Wanashrabu sana." Ekegusii haina sauti ya L, kwa hivyo mtu aliyelelewa nayo anaweza kusema "kurara" badala ya "kulala". Yeye alisikia makosa. Nami, badala ya kumuuliza mkulima wa chai wa Birongo anapaswa kuongea lafudhi ya wapi, nilianza kuwarudisha watoto kwenye maikrofoni. Sema lala. La-la. Tena. Msichana mmoja alirudia mara tisa. Mara ya tisa L ilikuwa L, na mhusika alikuwa ameshakufa.

Hebu tuulizane. Ni nani alisema mama wa Birongo akigombana na mumewe usiku anagombana kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya saa moja?

Kiswahili Sanifu chenyewe kilichaguliwa mezani. Mwaka 1928 wawakilishi wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa, wakaafikiana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Kimvita, lugha ya wenyeji wa mji huohuo waliokutania, kikawekwa kando. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia mambo ya tahajia na vitabu. Sina ugomvi na Kiswahili Sanifu. Ndicho ninachokuandikia nacho, nikikichafua kidogo. Kiliundwa ili watoto wa nchi tofauti wasome kitabu kimoja. Hakikuundwa kutuambia bibi wa Keumbu analia vipi.

Na hawa tunaowacheka kwa kushrabu wana masikio mapana kuliko wengi wetu. Ekegusii ina irabu saba. Kiswahili kina tano. Mtoto wa Birongo anasikia tofauti mbili za E na mbili za O ambazo wewe na mimi tungezipita bila kugeuka. Lakini kwenye vichekesho vyetu, lafudhi ya Kisii ina kazi moja: kuchekesha. Mlinzi, mpishi, mwenye hasira za haraka. Tumeisikia ikichekesha mara nyingi mpaka watoto wenyewe wanaogopa kulia kwayo. Mmoja aliniambia wazi, "Mwalimu, nikiongea hivi kwa sehemu ya huzuni, watacheka." Hilo halitengenezwi na programu yoyote. Hilo tumelitengeneza sisi wasikilizaji.

Najua mnachotaka kuniambia, ninyi mnaofanya kazi hii vizuri. Kwamba kutosikika si uhalisia. Kwamba mchezo ambao mvua imemeza maneno yote haumheshimu mtu yeyote, mwanzo kabisa yule aliyeyaandika. Nakubali kabisa. Kuna uvivu unaojificha nyuma ya neno "asili", na nimeusikia pia: simu imewekwa mezani, watu sita wanapiga kelele, kuku, redio ya jirani, halafu unaambiwa hiyo ndiyo Afrika. Hapana, hiyo ni rekodi mbaya.

Kwa hivyo nisikieni vizuri. Rekodini mazungumzo asubuhi, mvua ikiwa bado haijaamka. Tundikeni blanketi na magodoro ukutani. Mwangwi wa chumba kitupu ni adui wa kweli. Maikrofoni ikae pembeni kidogo ya mdomo, ndiyo P na B zisipige kofi. Mkimaliza kila tukio, nyamazeni nyote nusu dakika na mrekodi huo ukimya, kwa sababu kila chumba kina ukimya wake na mtauhitaji kuziba mahali mlipokata. Tumieni WAV, na msitumiane faili kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, inabanwa mpaka inabaki mifupa. Itumeni kama hati. Ngurumo za upepo na lori, kateni bila huruma. Halafu saa tisa, mabati yakianza, tokeni kwa veranda mkarekodi mvua hiyohiyo peke yake, dakika kumi. Mtaiweka chini ya sauti kwa kipimo mnachotaka. Rekodini mlango huohuo. Sufuria hiyohiyo.

Safisha chumba. Mtu mwache.

Na lile neno "Baba", lilikuwa na dawa ambayo haikuhitaji wembe. Ningemweka baba mlangoni, upande wa kulia. Mama jikoni, upande wa kushoto, karibu. Msichana anaita "Baba!" na mara hiyo, kushoto, sufuria inaanguka na mama anavuta pumzi. Sekunde mbili. Msikilizaji wa Nairobi, wa Mombasa, wa Mwanza, angejua ni nani aliyeitwa, na angekuwa amejifunza neno bila kufundishwa. Hiyo ndiyo kazi ya mhariri wa sauti: kumwingiza msikilizaji kwenye nyumba ya watu. Mimi nilibadilisha nyumba ili msikilizaji asisumbuke.

Sanaa hii haikuanza kwa kuogopa kusumbua. Mwaka 1924 BBC ilirusha mchezo wa Richard Hughes, A Comedy of Danger, ulioandikwa mahususi kwa redio. Alichagua mahali gani? Mgodi wa makaa ya mawe huko Wales, taa zimezimika, watu wamekwama gizani. Aliutumia upofu wa redio, hakuuombea radhi. Hapa kwetu, mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, na dereva wake wa lori, Mkwaju, mwenye wanawake njia nzima, akawa mtu anayejulikana nyumba kwa nyumba. Mchezo ule ulitaka kuongea na watu kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango, na huwezi kumwambia mtu jambo la chumbani kwake kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuingia nyumba kama hiyo.

Desemba nilirudi Birongo. Nilikuwa nimeamua tulirekodi upya lile tukio, kwa sababu ile rekodi ya kweli nilikuwa nimeifuta na haitarudi. Nikamtafuta yule msichana. Alikuwa ameusikiliza mchezo muhula mzima kwenye simu ya dadake, akaukariri wote. Tukapanga vifaa, kijana akapiga mlango teke, na msichana akaita, "Mama!" Wazi, sawasawa, kama nilivyobandika. Hata "kulala" sasa ilikuwa na L zake zote mbili.

Nikamwomba aite vile alivyoita Agosti. Alinitazama kama mtu anayetegewa mtego.

"Mwalimu," akasema, "nikisema hivyo, si utakata?"

Nikamwambia sitakata. Hakuniamini, na sioni kwa nini angeniamini. Tulirudia mara nne. Ilikuwa "Baba" ya mtu anayeigiza. Kisha saa tisa ikafika, mabati yakaanza, wenzake wakainuka kuzima vifaa kama nilivyowafundisha mwenyewe. Niliwaambia wakae. Tukarekodi.