Wepesi Si Upungufu

Wapo wanaodai kwamba gari lililoondolewa zulia, saa na viti vya nyuma, kisha likauzwa ghali, ni dhihaka kwa mnunuzi. Atoaye fedha nyingi, husema hao, na apewe vingi. Hoja hiyo hulipima gari kwa wingi wa vilivyomo, mithili ya mtu apimaye shairi kwa wingi wa beti. Yeyote aliyewahi kutunga anajua kwamba neno lililotiwa kujaza mizani tu huuharibu mshororo mzima.

Na itazamwe Porsche 911 Carrera RS 2.7, iliyoonyeshwa Paris mwezi wa Oktoba 1972. Kiwanda cha Stuttgart kilitaka gari la mashindano, na kanuni za mashindano zilidai yaundwe magari 500. Mafundi wakashika kazi ya kupunguza. Bati likawa jembamba, vioo vikawa vyembamba, saa ikaondolewa, na penye kishikio cha mlango pakatiwa ugwe wa kuvutia. Gari jepesi likashuka hadi kilo 960, ilhali nduguye wa starehe alikuwa na kilo 1,075. Injini yake ya lita 2.7 ilitoa nguvu za farasi 210, na juu ya mfuniko wake ukawekwa mkia mfano wa bata, ili nyuma ya gari isielee katika mwendo wa kasi. Yale 500 yaliuzwa yote kabla ya mwaka kwisha, na hatimaye yakaundwa 1,580.

Wapinzani watajibu kwamba wanunuzi wengi walichagua lile la starehe, na mepesi yalikuwa 200 tu. Ni kweli, lakini wingi wa wapenda starehe haujapata kuwa kipimo cha ufundi. Nguvu ya injini humfaa dereva pale tu anapokanyaga mafuta. Wepesi humfaa kila mahali: anapokata kona, anapofunga breki na anapobadili upande kwa ghafla. Zaidi ya hayo, usukani wa gari jepesi huzungumza na mikono, kama vile nahodha wa ngalawa anavyoisikia bahari kiganjani, ilhali mwenzake wa meli kubwa huisoma kwenye vyombo tu. Aliyeondolewa vya kumbembeleza hakunyimwa kitu. Amerudishiwa kazi yake.

Basi wenye kukejeli wamekosea. Lakini madhara makubwa zaidi hufanywa na wale wanaosifu. Mwaka 2023, 911 ilipotimiza miaka 60, kiwanda kilitoa 911 S/T, gari la giya sita za kubadili kwa mkono, lenye milango na paa la nyuzi za kaboni. Klachi yake na gurudumu la injini vilipunguzwa kilo 10.5. Uzito wake ni kilo 1,380. Ni mwingi kuliko wa lile la 1972, lakini ni mdogo kuliko wa kila 911 ya kizazi chake. Huu ni ufundi wa kweli, nao unastahiki heshima.

Heshima iliyopatikana ni ipi? Bei yake Marekani ilianzia dola 290,000 hivi, na ilijulikana mapema kwamba wengi wangelinunua ili waliuze kesho yake kwa faida. Ikabidi huko Marekani mnunuzi alikodi kwanza kwa mwaka mmoja kabla ya kulimiliki. Kiwanda kilimfunga mteja wake kwa mkataba ili asigeuke mchuuzi. Wala kiwanda chenyewe hakiepuki lawama, kwani ndicho kilichoamua kuunda magari 1,963 tu, yalingane na mwaka ilipozaliwa 911. Aliyetega chambo hana haki ya kushangaa papa wakija.

Kilo moja inayopunguzwa haina maana yoyote ndani ya ghala. Haionekani kwa macho wala haiongezi uzuri wa picha; hujulikana barabarani tu, kwa mikono ya mwenye kuendesha. Mwenye kulifungia gari hilo chini ya turubai amenunua kila kitu isipokuwa kile kilichotafutwa na mafundi. Amekuwa kama tajiri aliyenunua diwani kwa bei ya dhahabu, akaitia kufuli, akawa hodari wa kusimulia bei yake, wala hajaghani hata ubeti mmoja.